Spidi haiko kwenye mota, iko kwenye kidole

Msomaji wangu, vijana wa mjini tuna ugonjwa mmoja. Mshikaji akitokea kijiweni na ndinga mpya, iwe gari, iwe pikipiki, swali la kwanza ni lile lile: "Inatembea ngapi hiyo?" Atataja namba, watu watapiga miluzi, basi, kesi imekwisha. Sijawahi kusikia hata mmoja akiuliza: "Inaondokaje?" Yaani ukiigusa eksileta kidogo, inakuitikia vipi? Inakwenda kistaarabu, au inaruka kama paka aliyekanyagwa mkia?

Swali hilo la pili nimefundishwa na gari la kuchezea. Ndiyo, gari la rimoti, lile la umeme. Na chuo chenyewe hakikuwa Dubai wala Japan. Kilikuwa ufukweni Kilindoni, kisiwani Mafia.

Usicheke kwanza. Kwa wenzetu mchezo huu una mabingwa na mataji. Kampuni ya Tamiya ya Japan ilitoa gari lake la kwanza la rimoti mwaka 1976, mfano wa Porsche 934, na tangu hapo watu wazima wenye ndevu zao wameupokea kwa mikono miwili. Kuna Mjapani mmoja, Masami Hirosaka, ana mataji 14 ya dunia kwa vigari hivi hivi. Na huyu Lewis Hamilton, bingwa wa dunia wa Formula One mara 7, alianzia hapo. Baba yake alimnunulia gari la rimoti akiwa na miaka 6, na mwaka uliofuata akashika nafasi ya pili kwenye mashindano ya taifa kule Uingereza, akichuana na watu wa umri wa baba yake. Kwa hiyo ukimwona mtoto wa jirani kashika rimoti, mpishe apite.

Sasa turudi nyumbani. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, ni fundi simu pale Kilindoni. Kijana mtulivu, mikono myepesi, ila bahari haitaki hata kuisikia. Siku moja alikuja Dar kununua vipuri, akakutana Kariakoo na jamaa anauza gari la rimoti la mtumba. Lilikuwa na kipimo cha moja ya kumi, yaani ukichukua gari la kweli ukaligawa mara 10 ndiyo unalipata lile. Pesa ya vioo vya simu ikaishia hapo. Alilivusha kwa boti ya Nyamisati kalipakata kama mtoto mchanga.

Mimi nilifika Mafia Desemba 2023, nikakuta gari limekuwa gumzo la mtaa. Kwenye lami, ile barabara ya kutoka Kilindoni kwenda Utende, lilikuwa bomba la nguvu. Likiguswa tu, halipo. Lakini lami ina bodaboda na ina ng'ombe, kwa hiyo vijana walihamia ufukweni. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mchanga unabaki mpana, mgumu, umelowa vizuri. Wanapanga vifuu vya nazi vinne, gari linazunguka raundi 10, saa ya simu inahesabu.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Lile gari la kutisha lilikuwa linachimba. Binamu akivuta triga, tairi za nyuma zinazunguka palepale, mchanga unaruka, gari linageuka linatazama lilikotoka. Akivuta kidogo, halitaki. Linatetemeka, linalia, linasita, halafu ghafla linachomoka kama jiwe la manati. Katikati hakuna kitu. Ni kama swichi ya taa: imewaka au imezima.

Acha nikueleze kwa nini, maana hili ndilo somo lenyewe. Ndani ya gari la namna hii kuna kisanduku kidogo kati ya betri na mota. Mafundi wanakiita kontrola. Chenyewe ndicho kinachopokea amri ya kidole chako na kuamua umeme kiasi gani upite. Mota ya siku hizi haina brashi zile za kaboni zilizokuwa zinalika, ndiyo maana ina nguvu na haichoki upesi. Lakini ina shida moja. Zile za bei ya chini hazina kihisio cha kumwambia kontrola sumaku ya ndani imekaa upande gani. Mpaka mota izunguke kidogo, kontrola anabahatisha. Akibahatisha vibaya, gari linatetemeka badala ya kwenda. Mota zenye vihisio hazina tatizo hilo, ila bei yake ni nyingine, na dukani Kilindoni huzikuti.

Aliyeugundua ugonjwa huo pale ufukweni hakuwa binamu wala mimi. Alikuwa mjomba, tena bila kuinuka alipokaa.

Mjomba wangu alikuwa nahodha. Mafia watu huenda kumwona potwe, yule papa mkubwa mpole ambaye ni samaki mkubwa kuliko wote duniani. Kuanzia kama Oktoba mpaka Machi hivi, potwe husogea karibu na Kilindoni, anakula vidudu vidogo vidogo vya baharini juu juu ya maji. Ukimwendea kwa pupa na mashine inanguruma, anazama, na wageni wako wanabaki kupiga picha ya maji matupu. Mjomba alisifika kwa mkono wake. Mashine ya boti ile ya nyuma unaiongoza kwa mpini, na eksileta iko hapo hapo kwenye mpini, unaizungusha. Watu walikuwa wanasema yeye haizungushi, anaibembeleza. Alikuwa anasogeza boti pole pole mpaka potwe hajui kama amepata jirani.

Mwanzoni mwa 2023 presha ikampiga, kiharusi, upande wa kulia. Mguu ulirudi kiasi cha kutembea na fimbo. Mkono ukagoma. Kule hospitali alipewa mazoezi na mpira mdogo wa kuminya. Mazoezi ya mguu alifanya. Mpira aliwapa watoto wakachezee, akasema yeye si mtoto. Mashine yake, farasi 40, ikafunikwa turubai chini ya mwembe. Nilipofika, alikuwepo mtu wa kuinunua na bei walishaanza kuitaja. Mkaza mjomba alinivuta pembeni akaniambia: "Mwanangu, siku hiyo mashine ikitoka hapa, mjomba wako naye katoka." Sikuwa na la kumjibu.

Basi jioni ile tuko ufukweni, mjomba kakaa kwenye ngalawa iliyopinduliwa, kimya. Binamu anapambana na gari lake. Mara tukasikia:

"Hiyo mashine yako inalia kabla ya kwenda. Umeipa mzigo mzito. Na mafuta huyatii, unayamwaga."

"Baba, hii haina mafuta. Ni umeme."

"Umeme, mafuta, yote nguvu. Nguvu haimwagwi."

Binamu alinitazama, nikamtazama. Msomaji, kwa maneno hayo mawili mzee alikuwa ametaja vipimo viwili ambavyo kila mchezaji wa magari haya anahangaika navyo. Mzigo mzito ni gia. Ile gia ndogo inayokaa kwenye ncha ya mota, ukiiweka yenye meno mengi gari linakuwa na spidi kubwa mbele ya safari, ila kuondoka linateseka. Ukiweka yenye meno machache, spidi ya mwisho inapungua, lakini linaondoka kwa urahisi, mota haipati joto sana, na ule mtetemo unapungua. Na kumwaga mafuta ni ile kasi ya kontrola kuachia umeme. Kila kontrola ina ngazi zake za ukali. Ukali wa juu ni wa lami na zulia, mahali tairi inashika. Juu ya mchanga unatafuta ngazi ya chini.

Binamu, kwa heshima, akamsogezea rimoti. "Jaribu wewe, baba."

Na hapo nikatamani ardhi inimeze. Mjomba aliishika rimoti kwa mkono wa kushoto, akaingiza kidole cha kulia kwenye triga, kazi nzito kweli. Kidole kikavuta kidogo, hakikufika mbali. Gari likatetemeka, likachomoka, likaenda mpaka majini. Akataka kuliachia lisimame, kidole hakikurudi chote. Likaendelea kujikokota na mawimbi. Mtoto mmoja akacheka. Mjomba akairudisha rimoti bila kusema kitu, akachukua fimbo yake, akaondoka.

Usiku ule binamu hakulala mapema. Kwanza alilisafisha gari kwa maji baridi ya kisima, akalikausha, akatia mafuta beringi, maana chumvi ya bahari ikilala humo usiku mmoja asubuhi unakuta kutu. Betri aliitoa akaiweka mbali na gari. Hizi za lithiamu zinataka adabu. Kila seli haitakiwi kushuka chini ya volti 3, na ikivimba au ikitoboka inaweza kuwaka moto. Halafu akakaa na kontrola. Hakuna skrini pale. Ni kitufe kimoja na taa inayomweka, unabonyeza na kuhesabu.

Mimi nilidhani anatengeneza gari liwe zuri kwa mchanga. Kumbe alikuwa analipima kwa kidole cha baba yake.

Kontrola, msomaji, anaweza kufundishwa upya. Unamwonyesha: hapa ni katikati, hapa ni mwisho wa kuvuta, hapa ni mwisho wa breki. Kawaida unavuta triga mpaka ukutani. Binamu alikuwa ameona kidole cha baba yake kinaishia wapi, akavuta mpaka pale tu, akamwambia kontrola: huu ndio mwisho. Triga nzima ina kama milimita 15. Ya baba yake ilikuwa 6.

Cha pili, ile sehemu ya katikati ambayo gari halisikii kitu, aliipanua. Hivyo hata kidole kikibaki kimegusa triga kidogo, gari linatulia.

Cha tatu, breki. Kwenye rimoti unafunga breki kwa kusukuma triga kwenda mbele, na kwa mkono uliopigwa na kiharusi, kunyoosha kidole mara nyingi ni kugumu kuliko kukunja. Basi akawasha breki ya kujishika, ile ambayo ukiachia tu triga, mota yenyewe inalikamata gari taratibu.

Cha nne ndicho kitamu. Kwenye rimoti kuna kipimo ambacho wachezaji wanakiita ekspo. Kazi yake ni kuupinda mwitikio. Ukikiacha sifuri, nusu ya triga ni nusu ya nguvu. Ukikilainisha, nusu ya triga inaweza kuwa kama thuluthi tu ya nguvu, halafu zilizobaki zinakuja mwishoni. Nguvu haijapungua hata chembe. Imepangwa foleni tu. Maana ukiifupisha triga peke yake, kila milimita inakuwa kali maradufu. Ulaini ule ndio uliomrudishia mzee nafasi ya kucheza.

Mwisho akabadilisha gia, meno 17 kwenda 13, akashusha ukali wa kontrola mpaka ngazi ya chini kabisa. Saa saba ya usiku huo.

Kesho yake jioni hakumwomba baba yake ajaribu. Alimwambia: "Baba, njoo usikilize kama bado inalia." Angalia akili hiyo! Mzee mwenye fani yake hawezi kukataa kusikiliza mashine. Akaja. Akasikiliza. Akasema, "Lete."

Gari liliondoka, msomaji. Halikuruka. Liliondoka kama boti inavyoacha gati. Lilizunguka kifuu cha kwanza, cha pili, likapita cha tatu kwa mbali, likasimama. Yule mtoto aliyecheka jana akapiga makofi. Mjomba alikuwa anatoka jasho utadhani kabeba gunia la nazi. Akasema neno moja tu: "Tena."

Na hapa ndipo binamu alipopigwa na butwaa. Alichukua rimoti akajipima yeye mwenyewe kwa seti ile ile ya baba yake, ila urefu wa triga akaurudisha kwa kidole chake. Raundi 10 ambazo siku zote alikuwa anazimaliza kwa dakika 2 na sekunde 41, alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 19. Gari lenye gia ndogo, lililolainishwa kila mahali! Maana sasa halichimbi, haligeuki nyuma, kila nguvu inayotoka inaishia kwenye safari. Vijana wa kijiwe walikataa, wakasema saa imechemsha. Wakajaribu wenyewe. Wakanyamaza.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila Ijumaa baada ya sala, binamu anamfundisha kontrola upya. Anamwambia baba yake avute mpaka mwisho wake wa siku hiyo, anaweka alama ya kalamu ubavuni mwa triga. Alama ikisogea, mwisho unasogezwa, na kidole kinadaiwa safari ndefu zaidi. Nilirudi Idi ya kuchinja, Juni 2024, bahari ya kusi ikiturusha kwenye boti kama maharage kwenye ungo. Kitu cha kwanza mjomba alichonionyesha, kabla hata sijamaliza shikamoo, ni ile rimoti. Alama zilikuwa zimepangana kama ngazi. Ya mwisho ilikuwa milimita 11.

Sisemi gari la rimoti ni dawa ya kiharusi, nisije nikatafutwa na madaktari. Mjomba anameza vidonge vyake vya presha kila siku, na mazoezi ya hospitali amerudi kuyafanya, pamoja na ule mpira. Mkono haujawa kama zamani, na yeye mwenyewe anasema hautakuwa. Nahodha wa wageni hatakuwa tena. Lakini yule mnunuzi wa mashine aliporudi mara ya pili, alijibiwa mbele yangu: "Haiuzwi. Imepata mtu."

Mtu mwenyewe ni binamu, yule asiyetaka kusikia bahari! Nilimuuliza imekuwaje. Akaniambia: "Nilikuwa naona baba anakwenda taratibu kwa sababu ni mzee. Kumbe anakwenda taratibu kwa sababu anajua." Asubuhi ya Idi ya pili niliwaona wanaondoka, mashine ya farasi 40 nyuma ya boti, kijana kashika mpini, mzee kakaa ubavuni kwake mkono wa kulia umelala gotini. Kila boti ikitaka kuruka, kidole kimoja pale gotini kinashuka chini kidogo. Na kijana anapunguza.

Sasa wewe wa Dar, wa Mombasa, wa Kigali, pikipiki za umeme ndizo hizo zimeshaingia barabarani. Ndani yake kuna kontrola, kaka mkubwa wa yule wa Kilindoni, na nyingi zina kitufe cha kuchagua mwendo wa upole au wa ukali. Siku ukienda kununua, usiishie kuuliza inatembea ngapi. Iguse kidogo uone inavyokuitikia. Na kama ni ya kumpa mtu mwingine, mdogo wako au mzazi wako, ipime kwa mkono wake, siyo kwa wako.

Haya, wenye rimoti na wasio na rimoti, tukutane wiki ijayo, Mungu akitujaalia. Polepole na hiyo eksileta!